Kila Njia Ilipita Rebero

Mtu akikuambia Kigali ni mji mzuri kwa baiskeli, muulize kwanza anakaa kilima gani, na kwa baiskeli yake anaenda wapi. Mimi nakaa Rebero na kazi yangu iko bondeni, Gatenga. Asubuhi nateremka bila kukanyaga pedali hata mara moja, mji wote uko mbele yangu, na wanaonipita kwenye pikipiki wanadhani huyu mama ana raha zake. Raha gani! Wangeniona saa saba na dakika tano mchana, nimesimama juu ya pedali, jasho linaingia machoni, narudi juu kule kule nilikotoka.

Naitwa Mukunde. Nina miaka arobaini na minne, sina mume, sina mtoto, na nina hasira za karibu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akalalamika baadaye. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, ambako mama yangu, Pudentienne, alifundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita. Wanafunzi walimwogopa kuliko walivyomwogopa mwalimu mkuu. Tuliporudi Rwanda alifundisha miaka mingine kumi na mmoja, akastaafu, akalima mboga zake nyuma ya nyumba, na kisha polepole akaanza kusahau.

Alianza na majina. Halafu akasahau sufuria jikoni mpaka moshi ukatoka dirishani. Halafu siku moja nikamkuta kwenye barabara ya lami, magari yanampigia honi kulia na kushoto, amevaa viatu vya kanisani na khanga ya kulalia, anatafuta darasa la tatu. Wasichana wa kazi nilileta watatu. Wa kwanza mama alisema anamwibia chaki. Wa pili mama alimng'ata mkono. Wa tatu aliondoka Jumatatu ya Pasaka bila hata kuaga. Kaka yangu Sangwa, ambaye yuko Kanada, hupiga simu kila Jumapili kunikumbusha nisimwaibishe mama mbele za watu. Asante, kaka. Njoo basi ukae naye.

Basi nikawa namfungia ndani. Ndivyo ilivyo, nimeshasema. Kila asubuhi namwogesha, namvalisha, namnywesha uji na kidonge, namweka kwenye kiti chake, natoka, nafunga mlango kwa nje. Hakuna aliyejua. Rebero sisi ni majirani wa kusalimiana getini, mambo ya ndani yanabaki ndani. Ningeanzia wapi? Ningemwambia nani kwamba mwalimu Pudentienne, aliyefundisha nusu ya watoto wa tarafa, amefungiwa kama kuku?

Na balaa lenyewe halikuwa kumfungia tu. Mama ana kisukari. Kile kidonge cha asubuhi kinamtaka ale mchana, asipokula kinamwangusha. Siku moja nilichelewa, nikamkuta chini ya meza, amelowa jasho, midomo inatetemeka, hanijui. Daktari alinieleza polepole kama ananifundisha kuhesabu: saa nane isimkute hajala. Ukimwachia chakula mezani, hali. Anakifunga kwenye gazeti na kukiweka kwenye droo, eti cha wanafunzi. Lazima mtu akae mbele yake amwambie, haya mama, meza, haya tena, meza. Kwa hiyo maisha yangu yote yakawa yamebanwa kwenye saa moja, kuanzia saa saba mpaka saa nane mchana.

Kazi hii nilipoipata nilishukuru Mungu kwa sababu moja tu, kwamba iko karibu. Kabla ya hapo nilikuwa natunza stoo ya mafundi ujenzi kule Kinyinya, upande mwingine wa mji, na mradi ulipokwisha nami nikaisha. Kampuni ya Gatenga inauza vipuri vya pampu za maji. Mkurugenzi wake anaitwa Silvère, mzee wa Kifaransa kingi na Kiswahili cha kuokota, si mtu mbaya. Siku ya usaili aliniuliza, "Bon, Mukunde, uko na watoto wadogo?"

"Hapana, Bosi."

"Kwa sababu ule wa mbele yako, kila siku nyumbani. Leo mtoto iko na homa, kesho mtoto iko na meno. Mimi nimechoka. Stoo haiwezi kubaki bila mutu."

"Mimi sina mtoto, Bosi."

Sikudanganya hata neno. Ila lile la mama nililimeza, likashuka, likakaa huku chini tumboni, nami nikaliacha huko. Akanipa miezi sita ya majaribio.

Jumapili mbili kabla ya kuanza, mama akiwa amelala baada ya kula, nilitoka na baiskeli kutafuta njia. Ni baiskeli ya gia, ya mtumba, na pikipiki usinitajie. Kwa nauli ya kwenda na kurudi kila mchana ningebaki na nini? Nikajaribu kwanza barabara ya lami. Malori yanapanda pale kwa kuguna, na nyuma ya kila lori kuna vijana wa baiskeli wameng'ang'ania bomba, wanavutwa. Mimi sing'ang'anii lori la mtu. Dakika ishirini na tisa, na mapafu yamejaa moshi. Nikajaribu barabara ya mawe. Ile ilinitikisa mpaka nikahisi meno yatabaki njiani. Dakika ishirini na nne. Jumapili ya pili nikaona kijia kinachoingia nyuma ya kuta za watu, kinapita kwenye mikaratusi, kinavuka mtaro kwa mbao mbili, kinatokea karibu kabisa na geti letu. Dakika kumi na saba! Kurudi chini, nane. Nilisimama pale juu nikacheka peke yangu kama mwehu. Kumi na saba na nane ni ishirini na tano, zinabaki dakika thelathini na tano za kumlisha mama. Nani kama mimi?

Ikaenda hivyo Julai, Agosti. Jirani yangu Shakira, fundi cherehani, hukaa na mashine yake barazani, ukuta kwa ukuta na chumba cha mama. Kila nikipita mbio na baiskeli ananiita, "Mtume! Mukunde, baiskeli itakumaliza wewe. Mama hajambo?"

"Hajambo, amelala."

Ndilo jibu langu siku zote. Kwa hesabu hiyo mama yangu ndiye mtu aliyelala kuliko wote Rebero.

Kisha Septemba dunia nzima ikaja Kigali na baiskeli. Mashindano ya dunia, barabara zimefungwa, watoto wamepanda juu ya kuta, watu wazima wanalia kwa furaha kumwona Mzungu anapanda kilima ambacho sisi tunakipanda na magunia. Silvère akaambukizwa. Jumatatu moja ya Oktoba alikuja kwenye kikao cha asubuhi amevaa fulana ya baiskeli ya kubana, tumbo limetangulia, akasimama mbele yetu sote kumi na wanne.

"Dunia yote imekuja hapa na baiskeli," akasema, "na sisi tunafanya nini mchana? Tunakula viazi, tunasinzia. Non! Tunatengeneza klabu. Jumanne na Alhamisi, saa saba. Na kapteni iko hapa." Akaninyooshea kidole. "Mukunde! Kila siku saa saba anatoka kama risasi. Nyinyi mulikuwa munafikiri anaenda wapi? Anafanya mazoezi, bila kujivuna! Mumupigie makofi."

Wakapiga. Yewe! Asiyejua kwetu hawezi kuelewa makofi yale. Kazini hapa hukabidhiwi kitu kwa kuulizwa. Unapigiwa makofi, na ukishapigiwa imeshakuwa yako, kwa sababu atakayesimama baada ya makofi na kusema sitaki amewatukana wote waliopiga. Nilifungua mdomo. Nikaona nyuso zile zinafurahi. Nikasema, "Asante, Bosi."

Na hakuishia hapo. Ofisi yetu, kama ofisi zote, kila mfanyakazi husaini imihigo, yaani ahadi zake za mwaka, na mwisho unapewa alama. Yangu ilikuwa ya stoo: vipuri visipotee, orodha iwe safi. Silvère akachukua kalamu akaongeza kwa mkono wake: njia tano nzuri na salama za baiskeli za mchana kuzunguka kazini, wanachama kumi na wawili, mara mbili kwa wiki. Nikasaini. Halafu nikaenda chooni, nikauma leso mpaka taya zikauma. Siku tatu za wiki zilikuwa bado zangu. Jumanne na Alhamisi nilikuwa nimeuza roho ya mama yangu kwa makofi.

Usiku ule sikulala, lakini alfajiri akili ilinijia. Wametaka njia tano? Nitawapa tano. Hakuna aliyesema zisipite kwangu.

Mungu anisamehe, nilichora njia tano nikazipa majina mazuri mazuri. Njia ya Upepo ilipanda kwa lami mpaka Rebero. Njia ya Mandhari ilipanda kwa mawe mpaka Rebero. Njia ya Mikaratusi ilipita kijia changu mpaka Rebero. Nyingine mbili zilianza kwa kuzunguka kidogo huko bondeni ili kuwapoteza watu maboya, kisha zikapanda Rebero. Zote zilikuwa na mapumziko ya maji, na mapumziko ya maji yalikuwa getini kwangu. Nikatunga na kanuni, nikazipeleka kwa Silvère zipigwe muhuri. Ya nne ilisema, "Kapteni ndiye wa mwisho kurudi." Niliitunga ile ili wakishakunywa maji wateremke, nami nibaki na mama. Silvère aliisifu sana. Alisema huo ndio uongozi.

Basi ungetuona. Watu kumi na wawili kwa baiskeli za kuazima, tunapanda kilima mchana wa jua, mhasibu anatapika kwenye mtaro, Silvère anasukuma baiskeli kwa mkono na kusema anafurahia hewa. Mbele yupo Kenny, kijana wa mauzo aliyekulia Kampala, mwenye kofia ya mbio na miwani ya rangi na simu iliyofungwa kwenye usukani inayochora kila mahali alipopita. Tunafika getini. Nawapa jagi la maji na vikombe nje, nasema, "Subirini kidogo, nabadilisha soksi," au "nachukua pampu," naingia, nafunga geti, nafungua mlango wa nyumba.

Na kundi lile tulikuwa tunapanda kwa dakika arobaini na tano. Ukitoa muda wa kurudi, zinabaki chache mno. Hata wao wakiteremka, siwezi kuwapa nafasi kubwa, kwa sababu saa nane Silvère anasimama mlangoni anahesabu vichwa. Nilikuwa na dakika saba, nane nikibahatika. Mama yuko kwenye kiti chake. "Haya mama, meza." Anatafuna. "Meza, mama." Ananitazama, anatafuna taratibu, ananiuliza hao wanaocheka nje ni nani.

"Watu wa kazini."

"Wakaribishe wakae."

"Wana haraka, mama. Meza."

Nilikuwa namlisha kama mtu anayejaza mafuta kwenye tangi. Siku moja nilimshika kidevu, nikafungua mdomo kwa vidole, nikaingiza kijiko. Alimeza tu. Niliteremka kilima siku ile nikijichukia kwa sauti, najitukana kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na upepo unanikausha machozi kabla hayajafika mashavuni. Nilimchukia Silvère pia. Nilimchukia Sangwa na Kanada yake. Kuna siku, na hili nalo nitalisema, nilimchukia na yeye mama kwa kutafuna polepole.

Wiki tano tulikwenda hivyo. Wiki ya sita Kenny alisimama kwenye kikao na simu yake.

"Boss, mimi sina neno na sista Mukunde," akasema, "ila angalieni hapa. Hizi njia tano zote ni kilima kimoja. Zote zinaishia geti moja."

Watu wakacheka. Mhasibu akasema alikuwa anajua, kwa sababu amekwisha kutapika kwenye mtaro ule ule mara nne. Silvère alitazama ile simu, akanitazama, akatabasamu kwa huruma ya bosi.

"Mukunde iko na nguvu sana, anatuona sisi sote kama yeye. Lakini watu wanaumia. Alhamisi tunafanya njia ya chini, flati. Tunafuata bonde mpaka Nyabugogo, tunarudi. Bila kilima. Mumupigie makofi kapteni."

Wakapiga tena.

Nilimfuata ofisini baadaye, nikamwomba Alhamisi niende nyumbani saa tano kwa nusu saa. "Kwa nini?" Nikasema fundi bomba anakuja. Akasema mzigo wa pampu unaingia saa tano hiyo hiyo, stoo haiwezi kubaki bila mutu, fundi bomba aje Jumamosi. Na akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba majaribio yangu yanakwisha mwezi Januari na alama zangu ni nzuri sana.

Asubuhi ya Alhamisi nilimlisha mama uji vikombe viwili badala ya kimoja. Nilifikiria kumnyima kidonge, nikaogopa. Niliweka viazi na maharage mezani mbele yake, nikamwambia mara kumi, ule mama, saa saba ule. Akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayewaza mambo mengine. Nikafunga mlango. Shakira alikuwa barazani kwake, anatia uzi kwenye sindano. Nilisogea mpaka kwenye ukuta. Ufunguo nilikuwa nao mkononi, ulikuwa umepata joto. Ilikuwa ni kusema tu, Shakira, nisaidie, mama yupo ndani, saa saba mlishe. Maneno manane.

"Mwaramutse," nikamsalimia tu.

"Mwaramutse, Mukunde. Mama hajambo?"

"Hajambo, amelala."

Nikapanda baiskeli nikaondoka. Hata leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Hesabu yangu ilikuwa ya mtu aliyefikwa na maji shingoni: tutoke saa saba kamili, niwakimbize mpaka Nyabugogo, tugeuze bila kusimama, njiani niwaache, nipande kwa mama, nirudi stoo nimechelewa nipate barua ya onyo. Barua ningeipokea kwa mikono miwili. Na kweli niliwakimbiza. Saa saba na dakika ishirini na nane tulikuwa Nyabugogo, watu wanahema, na mimi tayari nimegeuza baiskeli.

"Photo!" akasema Silvère.

Jamani, Nyabugogo saa saba mchana! Mabasi yanarudi nyuma, makuli wamebeba magunia ya vitunguu vichwani wanapiga mluzi upishe njia, wapiga debe wanataja Musanze na Huye kwa pumzi moja, na Silvère amesimama katikati na fulana yake ya kubana anataka tupange mstari, wafupi mbele. Picha ya kwanza mtu alifumba macho. Ya pili kuli akapita na mbuzi. Nilikuwa natazama saa kila baada ya pumzi. Tulipoanza kuondoka, mita hamsini tu, gurudumu la Kenny likalia pwaa.

"Sista, msumari," akasema Kenny.

Mpira wa akiba na pampu vilikuwa kwenye mfuko wangu, kwa sababu kapteni ni mimi. Nilimtupia. Akavishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Kofia ya mbio, miwani ya rangi, simu ya kuchora, na hajui kutoa tairi! Saa saba na dakika arobaini. Nikapiga magoti, nikaanza kutoa tairi mwenyewe, kifaa kinateleza, nikajikata kidole. Saa saba na dakika arobaini na sita. Nikasimama.

"Bosi, mimi nina dharura. Naomba niende."

"Dharura ya fundi bomba?" Alicheka kidogo, hakuwa na ubaya. "Mukunde, wewe mwenyewe umeandika. Kanuni ya nne. Kapteni ni wa mwisho kurudi. Tengeneza, tunakungoja."

Wenzangu wakaitikia. Mmoja akaanza kunipigia makofi ya kunitia moyo, na wengine wakafuata, pa, pa, pa.

Sijui ni kidole kilichokuwa kinatoka damu au ni yale makofi. Niliirusha pampu chini ikaruka mpaka kwenye miguu ya kuli. Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao.

"Acheni! Acheni makofi yenu! Mama yangu nimemfungia ndani! Mama yangu mzazi, nimemfungia kwa ufunguo, hana akili, ana kisukari, saa nane ikimkuta hajala atakufa! Kila siku nampandia kilima kile kumlisha! Mlidhani ni mazoezi? Mazoezi ya nini, mimi?"

Nilisema kwa Kiswahili, na Nyabugogo kila mtu anasikia Kiswahili. Mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya alisimama na beseni lake kichwani akanitazama mdomo wazi. Nilitaka ardhi ipasuke. Dereva mmoja wa pikipiki aliyekuwa amesimama pale akaniletea kofia ya abiria, hakutaja bei, alisema tu, "Mama iko wapi?"

"Rebero."

"Panda."

Baiskeli niliiacha chini palepale. Yule dereva alipita penye nafasi na pasipo na nafasi, nami nimemshika kiuno na macho nimefumba, nasali kwa kurukaruka, kipande cha sala hii na kipande cha ile. Saa nane na dakika kumi na mbili nilitia ufunguo mlangoni.

Kiti kilikuwa kitupu. Viazi havikuwapo mezani, vilikuwa kwenye droo, kwenye gazeti. Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na dirisha, nguo imemganda mwilini kwa jasho, macho yamegeukia juu. Nikakoroga sukari kwenye kikombe, nikamlaza kwenye mapaja yangu, nikamtia kijiko kwa kijiko kwenye shavu, nasema mama, mama, mwalimu, tafadhali. Kijiko cha kumi, sijui cha ishirini, akameza. Baadaye akakohoa. Baadaye akaniuliza kwa nini nimechafua mkono kwa grisi.

Nilipasha moto chakula nikamlisha. Simu ilianza kutetemeka mfukoni, nikaiona ni Silvère, nikaiweka kifudifudi juu ya kitanda. Kazi sikujua kama bado ninayo, na kwa mara ya kwanza sikutazama saa. Mama alitafuna kiazi kimoja kwa muda wa mtu kusali rozari nzima, na nikamwacha atafune. Dirisha lilikuwa wazi. Kupitia nondo niliisikia cherehani ya Shakira inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama. Ilikuwa hatua sita, saba, kutoka pale alipoanguka.

Nikamwuliza, hivi hivi tu, sikutegemea jibu la maana.

"Mama, ulipojisikia vibaya kwa nini hukuita? Shakira yupo hapo nje."

Akanitazama. Yalikuwa macho yake ya zamani, yale ya darasani, niliyokuwa sijayaona karibu mwaka.

"Niite, waje wakute mlango umefungwa kwa nje?"

Nikarudisha kijiko kwenye sahani.

"Watasema Mukunde anamfungia mama yake," akasema. Alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga, vizuri, kona moja na kona nyingine. "Mimi siiti mtu. Hata siku ile ya chini ya meza sikuita. Nilikusikia unakuja na baiskeli, nikangoja."

Niliweka sahani chini. Maumivu niliyoyasikia sikuyasikia hata siku ya kumzika baba. Miezi yote ile nilijua ni mimi ninayemficha yeye, nikajiona nabeba peke yangu, nikamkasirikia anavyotafuna. Naye alikuwa amekaa hapo, katika lile giza lake, amesahau jina la kaka yangu na mwaka na jua na mvua, lakini hilo moja hakulisahau, kwamba asipige kelele, mwanawe asije akaonekana mbaya.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Basi nenda kazini, utachelewa. Na ufunge vizuri."

Nilisimama. Nikafungua mlango, nikausukuma mpaka ukagonga ukuta, nikatoka uani, nikaenda kwenye ukuta wa jirani.

"Shakira!"

Cherehani ilikuwa inakwenda, hakusikia. Nyuma yangu mama alikuwa amenyanyuka, ameshika fremu ya mlango, ananipungia mkono ninyamaze.

"Taratibu, mwanangu," akanong'ona. "Watatusikia."

Nikaita tena, kwa sauti yote niliyokuwa nayo.